Bibi wa Makao

Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama ninakoroma.

Nilikuwa nimeshuka kwenye lori nikiwa na godoro, ndoo, na barua ya kupangiwa kazi katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha ufukweni, kusini ya Mbamba Bay, njia ya kwenda Chiwanda. Nyumba za walimu zilikuwa mbili na zote zilikuwa na watu. Mwalimu mkuu akanipandisha kilimani hadi kwenye nyumba kubwa ya mawe, akanisimamisha mbele ya mwanamke mwembamba aliyekuwa anafagia uwanja.

"Bibi, huyu ni mwalimu mpya, anatoka Mbinga. Tunaomba umpe chumba."

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Unakoroma?"

Nikamwambia sijui, maana wakati huo nakuwa nimelala.

"Anayekoroma namweka chumba cha mwisho. Nyumba hii mtu akikoroma upande huu, wa upande ule wanadhani ni injini ya boti." Alisema hivyo bila kutabasamu, akaendelea kufagia. Ilinichukua muda kujua kwamba huo ulikuwa utani. Utani wake na amri zake vilitoka kwa sauti moja na uso uleule, na mgeni alilazimika kukaa naye angalau msimu mmoja kabla hajaanza kuvitofautisha.

Mimi nilikaa naye miaka tisa. Wakati ule hakuwa mzee kama nilivyomwona siku ile; alikuwa amepita hamsini kidogo tu. Lakini kijiji kizima kilimwita Bibi wa Makao, na mtu akishaitwa bibi na kijiji kizima, hata mgongo wake unaanza kukubali.

Makao ndiyo nyumba. Wajerumani waliijenga zamani, na katika vita kuu ya kwanza maofisa wao waliketi humo kutazama ziwa. Waingereza walipowafukuza, nao wakaketi humohumo kutazama ziwa lilelile. Halafu wakabaki popo. Halafu, miaka ile watu wa Msumbiji walipokuwa wanapigana na Mreno, wapiganaji wao wakavuka mpaka, wakaifanya nyumba ile makao makuu yao ya upande huu wa ziwa. Kijiji kikafupisha jina, na vita ilipokwisha hakuna aliyejisumbua kulirefusha tena.

Yeye aliingia humo akiwa msichana, kupika. Vita ikaisha, wapiganaji wakarudi kwao, na msichana akabaki na funguo. Hakuna aliyemwajiri. Mwenyekiti wa kijiji wa kwanza alimwambia akae humo nyumba isiharibike, wenyeviti waliofuata wakamkuta, na hivyo ndivyo alivyokuwa mtunzaji.

Vyumba vyote aliviita kwa majina ya kivita. Kulikuwa na chumba cha redio, chumba cha ramani, stoo ya silaha na chumba cha majeruhi. Si kwamba alikuwa anakumbusha watu historia. Ndivyo alivyovijua tu. "Mwalimu, nenda stoo ya silaha uniletee vitunguu," angesema, nami ningekwenda. Usipa uliokaushwa, dagaa wa ziwa lile, ulikaa kwenye chumba cha redio kwa sababu kilikuwa na hewa nzuri. Mimi nilipewa chumba cha ramani. Ukuta wake mmoja ulikuwa umejaa matundu na misumari ya kutu, mahali ambapo ramani zilikuwa zinatundikwa, na siku nilipotaka kupigilia msumari wangu ili nitundike picha ya Bikira Maria, alisimama mlangoni akanyoosha mkono achukue nyundo.

"Tumia ya wenzako. Ipo ya kutosha."

Basi Bikira Maria wangu alikaa miaka tisa upande, karibu na dari, mahali ambapo kamanda mmoja alikuwa ametundika kitu ambacho hakuna anayekijua tena.

Kwa wageni alikuwa mtu mwingine. Mara moja moja gari lingepanda kilima, mzungu angeshuka akitafuta habari za babu yake, au wanafunzi wa chuo na madaftari yao. Bibi angevaa kitenge kizuri, angewapitisha chumba kwa chumba. Waliotafuta Wajerumani aliwapa Wajerumani. Waliotafuta Waingereza waliwapata pia. Kwenye baraza alikuwa na sehemu yake moja aliyoipenda, pale alipowaambia kwamba kamanda wa Kijerumani alikuwa anakunywa chai kila jioni, akiwa ameuelekeza mguu mmoja ziwani.

Nilimuuliza siku moja, "Bibi, hayo umeyajuaje? Hata mama yako alikuwa hajazaliwa."

"Kila mkubwa anakunywa chai," alisema. "Na kiti kikiwekwa baraza ile, mguu utaelekea wapi zaidi ya ziwani?"

Lakini wapiganaji wa Msumbiji, ambao yeye mwenyewe aliwapikia, hakuwazungumzia kwa wageni zaidi ya sentensi mbili. Walikuwepo. Walikuwa na nidhamu. Wageni waliomsonga kwa maswali walipata chai ya rangi na njia ya kurudi kwenye gari lao.

Kwetu tuliokuwa karibu naye alisema kidogo zaidi, na karibu kila mara ilikuwa habari ya chakula. Kwamba walipenda samaki wa mbasa wa kuchoma kuliko wa kuchemsha. Kwamba walipofika mara ya kwanza hawakuujua ugali wetu wa muhogo wakaulalamikia, na baada ya mwezi mmoja wakawa wanagombea ukoko. Kwamba kulikuwa na mmoja, mpole sana, aliyekuwa anamwomba chumvi aiweke kwenye karatasi aende nayo, na aliporudi na karatasi tupu alimshukuru kama amepewa ng'ombe. Majina yao hakuyajua. Walikuwa na majina ya vita, na hayo nayo walikuwa wanayabadilisha.

Kiswahili chake kilikuwa kimeokota vitu humo. Watoto wakizurura aliwauliza kama wako kwenye doria. Kuku wake walikuwa kombania. Akichoka alisema zamu yake imekwisha. Kwa jirani zake alisema Kinyasa, na akikasirika sana yalimtoka maneno mawili matatu ya Kireno ambayo alikataa kunitafsiria, akisema mwalimu hapaswi kuyajua.

Na bado alichukia vita. Nasema alichukia, si aliogopa. Wanafunzi wetu walikuwa wanakimbia mchakamchaka asubuhi kuzunguka kilima, wakiimba na kupiga miguu. Wiki yangu ya kwanza alishuka hadi ofisini kwa mwalimu mkuu, akakaa, akamwomba awapitishe upande wa ufukweni.

"Watoto wanafanya mazoezi tu, Bibi," mwalimu mkuu alimwambia.

"Najua. Wapitishe ufukweni. Mchanga ni mazoezi makubwa zaidi."

Watoto wakapitishwa ufukweni. Mvulana aliyeokota kijiti akakielekeza kwa mwenzake kama bunduki, Bibi alimnyang'anya, akakivunja, akakitia jikoni. Lakini siku za sikukuu ya taifa, wimbo ukianza kule shuleni, yeye akiwa peke yake kilimani, alikuwa anaweka chini chochote alichoshika, anasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, mpaka wimbo unakwisha. Nilimwona kwa mbali zaidi ya mara moja. Sikumwambia kwamba namwona.

Tuligombana kwa mambo madogo. Mimi ni Mmatengo, nimekulia kwenye kahawa na mahindi, na yeye alikuwa na maoni kuhusu watu wa milimani. Alisema sisi tunaolima kwa ngolo tunachimba mashimo kila mahali, halafu tunashangaa kwa nini tunatembea tumeinama. Alisema maharage hayawezi kuwa kitoweo cha mtu mzima aliye karibu na ziwa. Nilipotoka likizo nikamletea kahawa ya kwetu, aliinusa, akasema ni dawa, akaiweka juu. Baada ya wiki nilimkuta asubuhi na mapema amekaa kwenye ngazi, kikombe mkononi, na harufu yake imejaa uwanja mzima.

"Naona unakunywa dawa, Bibi."

"Naumwa," alisema.

Tangu hapo kila likizo niliagizwa dawa.

Jambo moja lilinichukua miaka kulielewa. Hakuwa analala nje ya nyumba ile. Nasema hata siku moja. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyemzaa na mvuvi aliyefariki kabla mimi sijafika, na binti huyo aliolewa kwetu Mbinga, na kijana wa familia ya kahawa. Harusi ilifungwa Jumamosi. Bibi aliondoka kijijini alfajiri kwa lori la mizigo, akafika kanisani misa ikiwa imeanza, akambariki mwanawe mlangoni, na kabla chakula hakijapakuliwa akapanda lori lingine kurudi ziwani. Wakwe walikasirika. Binti alilia kwenye harusi yake mwenyewe, tena si kile kilio kinachotakiwa. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, Bibi alikwenda akamshika saa mbili, akarudi.

Binti yake aliniambia siku moja nilipompelekea samaki: "Mwalimu, mama yangu ameolewa na mawe."

Nilimtetea, nikasema labda anaogopa wezi. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. "Kuna nini cha kuiba mle?"

Niliwahi kumuuliza Bibi mwenyewe, naye alijibu kwamba nyumba isiyolaliwa inakufa. Jibu hilo lilinitosha kwa sababu lilikuwa kweli. Nilijua kwamba alikuwa na kaka, pacha wake, aliyekwenda ng'ambo ya mpaka, Msumbiji, wakati wa vita, hakurudi. Kila mtu kijijini alijua hivyo. Katika vijiji vile vya mpakani kuna mtu kama huyo karibu katika kila ukoo, na watu hawaulizani. Sikuunganisha kaka huyo na funguo.

Paa ndilo lililoleta mambo yote. Masika ya mwaka wangu wa nane lilianza kuvuja vibaya. Chumba cha majeruhi kiliingia maji, ukuta wa nyuma ukavimba, na Bibi, kwa umri ule, alikuwa anapanda ngazi na vipande vya bati. Nilimwomba aombe msaada wilayani. Akasema wilaya ina kazi zake. Basi nikaandika mimi. Niliandika barua nzuri, nakumbuka nilijivunia Kiswahili chake. Nilieleza umuhimu wa nyumba ile, vita zilizopitia humo, na mama mmoja anayeitunza bila kulipwa, na paa lake linavuja. Sikumwambia. Nilitaka siku moja aone mafundi wanapanda kilima na mabati mapya, ashangae.

Ilipita karibu mwaka. Waliokuja walikuwa na utepe wa kupimia na kamera. Kiongozi wao alikuwa kijana mpole, amesoma, aliyemwamkia Bibi vizuri na kuvua kofia kila alipoingia chumbani. Walipima siku mbili. Siku ya tatu alikaa na Bibi barazani, akamweleza kwamba nyumba imeonekana ni ya thamani kubwa, itatengenezwa, itawekwa mlinzi na kibao, na wageni watakuja. Bibi aliitikia kila jambo. Halafu kijana akafika mahali pagumu, akashusha sauti.

"Ila, Bibi, nyumba ya kihistoria kwa utaratibu wetu haikaliwi na mtu."

"Sasa historia yenyewe imekaaje humo?" Bibi aliuliza.

Kwa heshima ya kijana yule nasema kwamba hakutafuta jibu la uongo. Alisema atamwombea muda mpaka kiangazi kiishe. Na mwalimu pia, akaongeza akinitazama, atatafutiwa mahali.

Walipoondoka, Bibi aliendelea na kazi kama kawaida. Alilisha kombania yake. Alianua usipa. Mimi nilikaa kwenye ngazi, na alipopita na ungo nikamwambia.

"Bibi, barua niliandika mimi."

Alisimama. "Barua gani?"

"Ya wilayani. Kuhusu paa. Niliwaambia habari za nyumba, nikawaambia habari zako. Sikujua watafanya hivi."

Aliuweka ungo chini, akakaa kando yangu. Nilijiandaa kusikia Kireno.

"Ulitaka kusaidia," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ulitaka pia waone kwamba unajua kuandika."

Ilikuwa kweli.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Nilikuwa napeleka chai chumba cha ramani. Chumba chako. Wakubwa walikuwa wamesimama, kamanda anauliza kwa Kiswahili chao, nani hapa kijijini anajua njia za milimani, za kupita bila kuonekana. Hawakuniuliza mimi. Mimi nilikuwa mtu wa chai. Lakini nikasema, kaka yangu anajua. Wote wakageuka, wakanitazama. Hakuna aliyewahi kunitazama mle ndani kabla ya siku ile. Nikaona raha. Nikaendelea, nikasema hakuna anayezijua kama yeye, hata usiku anapita."

Alikuwa anaongea akitazama mbele, ziwani.

"Alikwenda mara tatu, akarudi. Anawaongoza, wanabeba masanduku, siku tano, sita, anarudi anakula, analala. Mara ya nne alinikuta pale jikoni, akasema, dada, ugali wa leo usiumalize. Hakurudi. Niliuliza kila kundi lililorudi. Wengine walisema alifia njiani, wengine walisema walimwona mbele zaidi. Vita ikaisha, wakawa wanaondoka, nikamuuliza kamanda. Akasema, waliopotea wengine watarudi wenyewe. Mama yetu alikuwa amefariki, nyumba yetu kule chini ilikuwa imeanguka. Nikafikiri, huyu akirudi atafikia wapi? Mahali anapopajua mimi niko ni hapa."

Nilimuuliza taratibu, "Na miaka yote hii, Bibi?"

"Sasa ni mwaka upi ningeanza kuondoka?" alisema. "Ningeondoka huu, halafu aje mwaka unaofuata."

Hakunisamehe kwa maneno, wala hakunilaumu. Jioni hiyo alinipakulia kama siku zote. Ila tangu siku hiyo aliacha kuniita Mwalimu peke yake, akawa ananiita Mwalimu wangu, na sikujua kama hiyo ilikuwa zawadi au adhabu.

Aliondoka mwishoni mwa kiangazi. Binti yake alikuja na mumewe kumchukua, na kila alichokuwa nacho kiliingia kwenye sanduku moja la bati na vikapu viwili. Kuku aliwagawa. Mlinzi mpya, mtu mzima wa kutoka Tingi, alikuwa amekwishafika na sare yake. Bibi alimzungusha nyumba yote, akamtajia vyumba, akamwonyesha bawaba inayohitaji mafuta na mahali nyuki wanapopenda kurudi. Mwisho akamwambia, "Akija mtu anauliza habari za dada aliyekuwa anapika hapa, usimwambie hayupo. Mwambie yuko Mbinga." Mimi nikamwandikia mlinzi namba yangu ya simu, kwa sababu Bibi hakuwa na simu wala hakuitaka.

Mwaka uliofuata nami nilihamishiwa Mbinga, kwa hiyo nilimwona huko mara nyingi, na kusema kweli yale ndiyo maonano yaliyoniuma zaidi. Binti yake alimtunza vizuri. Alikuwa na chumba chake, blanketi mbili, chai ya maziwa. Lakini baridi ya kwetu ilimwingia. Alikaa uani amejifunika, akitazama mteremko wa migomba na kahawa, na kila upande aliogeukia kulikuwa na mlima. Alisema macho yake yamekosa mahali pa kwenda. Alilala nyumba ya mwanawe kila siku, yeye aliyemnyima hata usiku wa harusi, na wote wawili walikuwa wanajifunza kwa kuchelewa jambo ambalo wengine wanalijua mapema. Niliwakuta siku moja wanachambua maharage pamoja, hawaongei, na binti akainua mkono akamtoa mama yake ganda kwenye nywele. Siku zile nilifikiri labda barua yangu haikuwa na ubaya mtupu. Siku nyingine nilimkuta amevaa viatu, amekaa kitandani, na nikimuuliza anakwenda wapi anasema, "Hakuna."

Nilikuwa nimejizoeza kufikiri kwamba itakwisha hivyo.

Halafu, mwaka jana, baada ya mavuno ya kahawa, yule mlinzi alinipigia. Alisema kuna mwanamke amekuja, anatoka ng'ambo, Kiswahili chake cha kutafuta. Ameuliza nyumba ya mawe ya kilimani ambako dada wa baba yake alikuwa anapika. "Nimemwambia yuko Mbinga," mlinzi alisema, "kama nilivyoagizwa."

Nilimpokea stendi siku iliyofuata. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, na nilipomwona anavyosimama, uzito wote mguu mmoja na mikono nyuma, sikuhitaji kumuuliza kitu. Njiani kwenda kwa Bibi alinieleza. Baba yake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Alikanyaga bomu la ardhini katika safari ile ya nne, akapoteza mguu, akafichwa na watu wa kijiji kimoja cha huko, akaoa humo. Alikuwa fundi viatu.

Bibi alikuwa uani. Mgeni alipiga magoti, akamwamkia kwa Kinyasa, Kinyasa safi cha kijiji kile cha ziwani, cha watu wa zamani.

"Wewe ni nani?" Bibi aliuliza.

Mwanamke akataja jina la baba yake, kisha akataja jina lake mwenyewe. Lilikuwa jina la Bibi. Binti yake, aliyekuwa mlangoni na sufuria, aliiweka chini.

Bibi hakulia. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayepokea taarifa. "Alikufa lini?" Akaambiwa. "Kwa ugonjwa?" Kwa kifua. "Alikuwa anakula vizuri?" Vizuri, shangazi. Akaambiwa habari ya bomu na mguu.

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

Bibi aliushika mguu wake wa kushoto, juu ya goti, akaacha mkono pale.

"Ni mbali, huko alikokuwa?"

"Sasa hivi, kwa gari na boti, ni siku moja, shangazi."

"Siku moja."

"Alikuwa anasema atakuja. Mwanzo alisema mguu upone. Halafu alisema apate cha kuja nacho. Halafu miaka ikawa mingi, akawa anaona aibu. Alisema dada atamuuliza ulikuwa wapi, naye hana la kujibu. Kila mwaka uliopita uliufanya unaofuata uwe mgumu zaidi."

Bibi aliinamisha kichwa. Nilijua swali lililobaki, na nilijua kwamba hataliuliza, kwa hiyo nikaliuliza mimi.

"Aliwahi kusema ni nani aliyempeleka kwenye kazi ile?"

Uso wa mgeni ukafunguka. "Hiyo ndiyo hadithi aliyoipenda. Alikuwa anawaambia wateja wake wote. Kwamba wakubwa walikuwa wamekaa na ramani zao hawajui pa kupita, na dada yake, msichana wa chai, akawaambia mbele ya kamanda kwamba hakuna anayezijua njia kama kaka yake. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumsifu hivyo maishani."

Hapo ndipo Bibi alipojifunika uso kwa kanga. Binti yake akaja akakaa upande mmoja, mgeni upande mwingine, nami nikatoka nikasimama kwenye kahawa mpaka waliponiita.

Walikaa siku sita pamoja. Siku ya saba niliwasindikiza stendi, maana Bibi alisema anakwenda kuliona kaburi na kuwaona watoto wa kaka yake, ambao walikuwa wanane. Binti yake alitaka kwenda naye akakatazwa, shamba halina mtu. Aliagana na mama yake bila kulia, amemfungia chakula cha watu wanne. Bibi alipanda basi bila kushikwa mkono, akachagua dirisha, mwenye jina lake akakaa kando yake. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yalikuwa yanapita barabarani na tulilazimika kungoja yapungue ndipo tusikilizane.

Nilisogea dirishani. "Bibi, tukutarajie lini?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikauona utani usoni kabla haujatoka mdomoni. Lakini ulipotoka haukuwa utani. Alinyoosha mkono dirishani, akaushika wangu.

"Mwalimu wangu," alisema, "usinisubiri."